Kipande cha metali au matone ya bati?
Leza ikiipiga metali kwa nguvu, uso wake hugeuka plazma (gesi ya moto sana yenye chembe za umeme), nayo hutoa eksirei laini, yaani zenye nishati ndogo. Kwa maabara ndogo, kama shabaha ya leza ningechagua kipande kigumu cha shaba: unakisogeza kidogo kila baada ya mpigo ili leza ipate sehemu mpya. Ubaya wake ni vumbi la metali linalorukia vioo vya kukusanya mwanga huo na kuviharibu.

Katika kiwanda cha chipu za kompyuta, matone ya bati (bati halisi, si mabati ya paa) yanashinda kabisa. Mashine za kuchora chipu za kampuni ya ASML ya Uholanzi hurusha matone 50,000 kwa sekunde. Mpigo wa kwanza wa leza hulibapaza tone, wa pili huligeuza plazma, na mwanga wa nanomita 13.5, ukingoni mwa eksirei laini, huchora chipu. Bati nalo huchafua vioo, lakini tone ni dogo, na haidrojeni husaidia kuvisafisha.