Ziara ya njia ya jeshi la Wajerumani, kutoka Lugalo hadi Masoko

Kampuni moja ndogo ya utalii mjini Iringa inauza ziara ya kihistoria inayofuata njia ya jeshi la Wajerumani katika Nyanda za Juu Kusini. Ziara huanzia Lugalo, hupitia Kalenga na Iringa mjini, hulala Mbeya na kuishia Masoko, chini ya Tukuyu. Malipo hujumuisha gari, viingilio, malazi na chakula cha mchana, na hapakuwa na mahali tulipodaiwa fedha za pembeni. Niseme mapema kwamba sehemu ya Lugalo na Kalenga inastahili kila shilingi niliyolipa, ila maelezo ya Vita Kuu ya Kwanza yanahitaji kuandikwa upya.

Lugalo ndipo mwongozaji wetu, kijana aliyetupokea kwa "kamwene" na kuwaamkia wazee mmoja mmoja, alipoonyesha kipaji chake. Badala ya kutusimamisha mbele ya mnara na kutusomea maandishi, alitupanga mstari mmoja na kututembeza katika nyasi, kisha akatuuliza nani kati yetu angeweza kumwona mtu aliyelala hatua chache kutoka kwenye njia. Hakuna aliyejibu. Hivyo ndivyo msafara wa Emil von Zelewski, aliyekuwa kamanda wa jeshi la kikoloni na ambaye wenyeji walimwita Nyundo, ulivyovamiwa na Wahehe tarehe 17 Agosti 1891, ukiwa umejinyoosha kwa urefu na bunduki nyingi zikiwa hazina risasi ndani. Zelewski mwenyewe aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake, tena kwa muda mfupi sana. Nimesoma habari hizo mara nyingi, lakini sikuwahi kuelewa kwa nini bunduki za kisasa zilishindwa na mikuki mpaka niliposimama kwenye mstari ule.

Kalenga nako hakukuharibika kitu, hasa kwa sababu kijana alikaa pembeni na kumwachia mtunza makumbusho azungumze. Ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ilianguka Oktoba 1894, naye akaendelea kupigana msituni hadi alipojiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe, na fuvu lake lililochukuliwa na Wajerumani likaingizwa katika Mkataba wa Versailles, mkataba wa amani wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246, ambacho kiliitaka Ujerumani ilirudishe ndani ya miezi sita. Miezi sita hiyo iliisha mwaka 1954, Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipolikabidhi hapo Kalenga.

Kasoro zilianza tulipoingia Vita Kuu ya Kwanza. Kipeperushi cha ziara kinazungumzia "divisheni ya Wajerumani" iliyoshikilia kusini, na mwongozaji alilirudia jambo hilo kwa kujiamini kabisa. Hapakuwa na divisheni, yaani kikosi kikubwa cha askari zaidi ya elfu kumi. Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa na kombania 14 tu, vikosi vidogo vya watu kama mia mbili kila kimoja, katika koloni zima, zenye Wazungu wapatao 260 na askari Waafrika wapatao 2,500. Kombania ya 2 ilikuwa na makao yake Iringa, na ya 5 Masoko. Hata jeshi lilipofikia kilele chake, Wazungu wapatao 3,000 na askari wapatao 11,000, lilikuwa dogo kuliko divisheni moja ya askari wa miguu iliyopelekwa Ufaransa siku hizo. Sisemi hivi kwa kupenda kuhesabu vichwa. Msikilizaji anayeambiwa divisheni hujenga akilini mahandaki na mistari ya mapambano, hali ya kuwa vita ya huku ilikuwa ya vikundi vidogo vilivyokimbizana milimani, vingine vikiwa na bunduki za zamani za mwaka 1871 ambazo moshi wake mzito ulimwonyesha adui mahali mpigaji alipojificha.

Ajabu ni kwamba vita hiyo ilipiganwa karibu kabisa na barabara tuliyokuwa tukiipita. Mei 1916 Jenerali Edward Northey wa Uingereza alivuka mpaka kutoka kusini, akaichukua Tukuyu, wakati huo ikiitwa Neu-Langenburg, akawashinda Wajerumani Malangali mwezi Julai na kuingia Iringa mwishoni mwa Agosti. Kabla hajatulia, Kurt Wahle, jenerali mstaafu wa Kijerumani ambaye vita ilimkuta akiwa amekuja kumtembelea mwanawe, alishuka kutoka Tabora na vikosi vyake, vikaizingira Malangali na Lupembe, hadi kundi lake moja lilipojisalimisha Ilembule tarehe 26 Novemba 1916. Miaka miwili baadaye, jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda mkuu wa Wajerumani, likipita kuelekea Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, Wahle huyo huyo aliachwa Njombe akiwa mgonjwa. Haya yote yalipita dirishani bila neno huku dereva akiwa amefungulia muziki.

Kwenye makaburi ya vita ya Iringa mjini, mwalimu mmoja mstaafu kutoka Mafinga alisoma majina ya maofisa kwa utaratibu, kisha akauliza, "Kijana wangu, na wapagazi walizikwa wapi?" Kijana akajibu, "Hilo, mzee wangu, halimo katika maelezo tuliyopewa." Jibu lilikuwa la heshima na la kweli, lakini ndilo pengo kubwa la ziara hii. Kila kombania ilitembea na wapagazi wengi kuliko askari wake, pande zote mbili zikiwachukua vijijini pamoja na chakula cha wanakijiji. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi hayo ilikiri katika ripoti ya mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hiyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kampuni haiwezi kuwarudisha, ila inaweza kuwataja.

Masoko ni pazuri mno, na ziwa lililojaa kwenye shimo la volkano lingetosha kumridhisha mgeni hata bila historia. Habari ya sarafu na silaha zilizotupwa majini na Wajerumani walipokuwa wakiondoka ilisimuliwa vizuri, ingawa ilipewa muda mrefu kuliko vita yenyewe.

Kwa wazazi wenye watoto wa sekondari na kwa wageni wa Iringa, chukueni sehemu ya Lugalo na Kalenga bila kusita, kwani huuzwa hata peke yake. Anayetaka ziara nzima akubaliane na kampuni kabla ya kulipa kwamba gari litaingia Malangali na Ilembule, hata kama ataongeza kidogo gharama ya mafuta, na aombe kijana yule yule.