Mbolea ya kalsiamu naitreti Tabora: inunuliwe kwa nyanya, si kwa mahindi

Kwenye duka la pembejeo, soma kwanza namba za mfuko: naitrojeni asilimia 15.5, kalsiamu kama 19. Yurea ina naitrojeni asilimia 46. Mfuko wa kilo 50 wa yurea unakupa kilo 23 za naitrojeni, huu kilo 7.75, kwa hiyo anayetafuta naitrojeni peke yake atabeba mifuko mitatu badala ya mmoja. Kukuzia mahindi kwa mbolea hii ni hasara tupu. Na tumbaku? CAN (kalsiamu amonia naitreti) inatosha; naitrojeni ikichelewa shambani, jani halikomai na bani, yaani banda la kukaushia, linalikausha likiwa bado kijani.

Thamani yake iko bustanini. Udongo wa kichanga wa Tabora hauna akiba kubwa ya kalsiamu, na nyanya ikikosa kalsiamu huoza kitako. Hapa pana jambo wauzaji wengi hawalisemi: kalsiamu husafiri na maji. Ukimwagilia leo ukaruka siku nne, tunda litaoza kitako hata kama umemwaga mfuko mzima. Naitreti nayo hufyonzwa na mizizi papo hapo, tofauti na yurea, ambayo ikiachwa juu ya udongo wa moto sehemu yake hupotea hewani.

Nyanya zikianza kutoa maua, weka vizibo viwili vya soda, gramu kama 10, kwa kila shina, sentimita 10 kutoka shinani. Fukia, kisha mwagilia kiasi, maana maji mengi kwenye kichanga huishusha naitreti chini ya mizizi. Rudia kila baada ya wiki mbili au tatu. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, ekari ina miche kama 9,000, yaani kilo 90 kwa awamu moja.

Chimbuko la mbolea hii ni mtu aliyekuwa anatafuta kitu kingine kabisa. Kristian Birkeland, mwanafizikia wa Norwei aliyezaliwa 1867, alichunguza mianga ya rangi inayocheza angani huko kaskazini ya mbali. Mwaka 1899 alipeleka vyombo vyake juu ya mlima Haldde. 1902 na 1903 akaweka vituo vinne, Norwei, Iceland, Spitsbergen na Novaya Zemlya, vipime usumaku wa dunia kwa wakati mmoja. Maabara aliweka tufe lenye sumaku ya umeme ndani ya chombo kilichotolewa hewa, akalirushia miale ya elektroni, na mwanga ukajikusanya kuzunguka ncha zake. Hoja yake kwamba mikondo ya umeme hushuka kutoka angani ikifuata usumaku wa dunia ilipingwa sana. Satelaiti ziliithibitisha miaka ya 1960 na 1970. Yeye alikuwa amefariki Tokyo tangu 1917.

Utafiti huo ulikula fedha, naye akajaribu kuzipata kwa kubuni mzinga wa kivita unaorusha risasi kwa umeme. Onyesho la 1903 liliharibika: umeme ulipiga shoti, moto ukaruka. Mwaka huohuo alikutana na mhandisi Sam Eyde, aliyetaka njia ya kunasa naitrojeni ya hewani, na shoti ile ikazaa tanuru. Sumaku, aliyokwisha kuizoea kwa kupinda miale, sasa ilitandaza cheche ya umeme ikawa sahani ya moto wa nyuzi kama 3,000. Hewa iliyopulizwa humo ilitoka na oksidi ya naitrojeni asilimia 1 hadi 2 tu. Ikaingizwa kwenye maji ikawa asidi, asidi ikakutanishwa na mawe ya chokaa, ikawa kalsiamu naitreti. Kiwanda cha Notodden kilianza 1905. Kilowati-saa kama 15,000 kwa tani moja ya asidi ni ulafi, ndiyo maana njia ya amonia iliishinda. Mfuko wa leo haupiti tena kwenye tanuru lile, ila chumvi yake kuu ni ileile.

Udhaifu mkubwa wa mbolea hii ni unyevu. Masika, mfuko ulioachwa wazi usiku mmoja huamka uji. Usiichanganye na yurea, italowa. Kwenye tangi la umwagiliaji wa matone usiiweke pamoja na DAP (mbolea ya fosfeti) wala mbolea yoyote ya salfeti: hugandana na kuziba vichujio. Iweke juu ya chaga, mbali na mafuta ya taa na nyasi kavu, kwa sababu huchochea moto.

Duka likipima kwa kilo kutoka mfuko uliokwisha funguliwa, chota kiganjani. Chembe zikinata, unauziwa maji. Afadhali wawili mchangie mfuko wa kilo 25 uliofungwa.