Godoro la hewa lenye pampu: maoni ya anayeuguza nyumbani

Tangu mama yetu apooze upande wa kulia kwa kiharusi, juu ya kisukari alichoishi nacho kwa miaka mingi, mimi na mdogo wangu tumekuwa tukiamka usiku kila baada ya saa mbili kumgeuza asipate vidonda vya kulalia, na uchovu huo ulifika mahali tukawa tunagombana kwa sababu ya chumvi ya uji. Ndipo tuliponunua godoro hili, ambalo mifuko yake hujaa hewa na kupungua kwa zamu ili uzito wa mwili usielemee sehemu moja kwa muda mrefu.

Wekundu uliokuwa umeanza nyongani ulififia. Hata hivyo, muuzaji alituhakikishia kwamba hatutahitaji kumgeuza tena, kauli ambayo muuguzi wetu aliikanusha papo hapo, kwa kuwa godoro hupunguza mgandamizo tu. Alichoturuhusu, baada ya kumkagua ngozi, ni kurefusha muda hadi saa nne, na anayeuguza ndiye anayejua thamani ya saa nne za usingizi usiokatizwa.

Pampu hunguruma kidogo, nailoni yake hutoa jasho bila shuka la pamba, na umeme ukikatika hewa huvuja, hivyo tumeacha godoro la sponji chini yake. Mpira wa pampu ulipopasuka, duka lilikataa kutubadilishia. Ningelinunua tena, ila kwa muuzaji mwingine.