Hampi: ukodi baiskeli au bajaji?

Swali hili haliishi kwa wanaoenda Hampi, kule Karnataka kusini mwa India, kwenye magofu ya Vijayanagara, mji mkuu wa dola ya kale ya jina hilo hilo, uliovunjwavunjwa baada ya vita vya Talikota mwaka 1565. Kwa hela, baiskeli ni nafuu, hapo hakuna ubishi, ila mkiwa watatu mkachangia bajaji ya siku nzima tofauti inapungua sana.

Raha ya baiskeli ni kwamba unasimama unapotaka. Mimi pale eneo la kifalme nilikaa karibu saa nzima naangalia mifereji ya mawe, imechongwa katikati na kubebwa juu ya vinguzo vya mawe, enzi hizo ilikuwa inapeleka maji kwenye mabwawa, mojawapo lina ngazi za mawe meusi zimepangwa vizuri mpaka unashangaa. Ukiwa na dereva anayekusubiri nje huwezi kutulia hivyo.

Lakini jua la Aprili na Mei jamani, usilichukulie poa. Na pancha je? Yangu ilinipata karibu na mabanda ya kale ya tembo wa kifalme, nikasukuma baiskeli mpaka bazaar ya Hampi, kilomita kadhaa. Bajaji ikiharibika hiyo ni shida ya dereva.

Hekalu la Vitthala, lenye lile gari la mawe (kihekalu kilichochongwa kama gari la kukokotwa), ni ngoma droo, chombo unakiacha mbali unamalizia kwa kigari cha umeme au miguu.

Una siku moja tu, umeshuka treni Hospet, mji wa karibu wenye stesheni, au uko na mzazi? Chukua bajaji. Una siku tatu za Desemba na miguu ina nguvu? Baiskeli, uanze saa 12 asubuhi na maji ya kutosha.