Uzoefu wangu na PS5: jina kongwe au gemu mpya?

Swali ni kama Sony, wenye PS5, watuletee mwendelezo wa majina ya zamani au gemu mpya. Niseme mapema: kama una mashine hii ya gemu na hujacheza Astro Bot, gemu ya karoboti kadogo, inunue kabla ya zile za mwendelezo, za namba 2 na namba 3. Nimeimaliza, nikarudi kuwatafuta vijiroboti niliowaacha njiani, na wadogo zangu wakija nyumbani ndiyo inayowekwa ya kwanza baada ya gemu ya mpira. Mpira hauna mjadala. Kila mwaka unatoka mwingine, wachezaji wamehama timu, tunalipa tena. Lakini mpira si wa Sony, na mimi nazungumzia gemu ambazo Sony wenyewe wanaamua zitengenezwe au zisitengenezwe.

Utamu wa Astro Bot uko mkononi. Ukikanyaga mchanga, padi inatetemeka kivyake. Ukipita juu ya kioo, inabadilika. Mvua ikinyesha unaihisi tone tone viganjani. Gemu nyingi nilizocheza kwenye mashine hii zingeweza kuchezwa na padi yoyote ile, hii haiwezi. Na inachekesha, bila kuchosha, bila kukulazimisha kuingia mtandaoni.

Ilitoka 6 Septemba 2024, na siku hiyo hiyo Sony walizima Concord, gemu yao ya kupigana risasi mtandaoni. Concord ilikuwa na wiki mbili tu sokoni, bei dola 40, jina jipya kabisa. Walioinunua walirudishiwa hela, na kabla mwaka haujaisha studio iliyoitengeneza, Firewalk, ikafungwa. Basi wakajitokeza wa kusema: mnaona, vitu vipya haviuzi, turudini kwa Kratos, shujaa wa God of War. Sikubaliani hata kidogo. Upya wa Concord uliishia kwenye jina. Mashujaa wa rangi rangi, timu kwa timu, kila mmoja na silaha yake: gemu ya Overwatch inafanya hivyo tangu 2016, na Overwatch 2 ilipokuja 2022 ilikuwa ya bure. Nani atoe dola 40?

Halafu huyo Kratos wanayemtaja. God of War ni jina la 2005, sawa, ila ile ya 2018 ilimhamisha mzee kutoka Ugiriki hadi kwenye theluji ya miungu ya kaskazini, ikampa shoka na mtoto wa kulea, na kamera haikatiki toka mwanzo hadi mwisho. Ni gemu mpya iliyovaa jina la zamani. Kinachoniudhi ni jina la zamani lisilobeba kitu. The Last of Us ilitoka 2013, ikang'arishwa kwa PS4 mwaka 2014, kisha 2022 ikaundwa upya kwa PS5 kwa dola 70. Picha ni nzuri, sibishi. Lakini ile ya PS4 inacheza vizuri tu kwenye PS5 yangu, na hadithi naijua.

Dola 70 kwetu ni zaidi ya shilingi 150,000 za Tanzania. Hapo ndipo sisi wanunuzi tunapoyabeba majina makubwa hata bila kupenda: diski ya Spider-Man ukiimaliza unapata mtu wa kuinunua au kubadilishana naye, wakati gemu isiyojulikana unaweza kubaki nayo. Ndiyo maana Returnal niliisubiri mpaka nikaipata iliyotumika, ingawa ilikuwa mpya kwelikweli na ngumu kwelikweli. Simlaumu mtu mwenye hela ya diski moja akichagua asichokitilia shaka. Wa kubahatisha ni Sony, mwenye kutengeneza mashine, na njia anaijua: kila PS5 inakuja na Astro's Playroom ndani, bure. Kale karoboti tulikazoea bila kutoa senti, na kalipopata gemu yake kubwa hatukuona kama tunacheza kamari. Concord ingewekwa ndani ya mashine namna hiyo, labda tungeijadili kwa lugha nyingine.

Kuna kitu kimoja ndani ya Astro Bot kinachonifurahisha na kunikera kwa pamoja. Vijiroboti wengi wamevalishwa mavazi ya wahusika wa zamani wa PlayStation, na kuna hatua nzima ya kukimbiza nyani kwa wavu kama Ape Escape ya 1999, nyingine ya LocoRoco iliyotoka kwenye PSP, mashine ya mkononi ya Sony, mwaka 2006. Haya ni majina kongwe pia! Japan Studio, studio ya Sony iliyoyalea, ilivunjwa 2021, na Team Asobi waliotengeneza Astro Bot ndio waliotoka humo. Kwa hiyo Sony wakisema wanapendelea majina yenye historia, maana yake ni yale matano sita yanayouza sana.

Astro Bot nampa nyota tano. PS5 kwa ujumla, nne. Hiyo moja naishikilia mpaka waniletee Ape Escape mpya.