PuLP na SimPy katika kupanga ugavi: uzoefu wangu

Kazi yangu ni kuamua bidhaa gani ikae ghala lipi, iagizwe lini na isafirishwe kwa njia ipi. Zamani haya yote nilikuwa nayafanya kwenye Excel. Siku hizi natumia programu mbili za bure zinazoandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta: PuLP kwa kutafuta mpango wa gharama nafuu, na SimPy kwa kuuiga mpango huo uone utakavyokwenda. Naandika kwa sababu wengi huchukua moja wakaiacha nyingine, na hapo ndipo faida kubwa inapopotea.

PuLP unaiandikia lengo, kwa mfano kupunguza gharama za usafiri na uhifadhi, kisha masharti: ghala hili lisipite ujazo wake, kila mteja apate mzigo wake. Yenyewe inakabidhi hesabu kwa CBC, programu nyingine ya bure inayokokotoa, na jibu linarudi. Ninachokipenda zaidi ni kwamba kwa hesabu zisizo na maamuzi ya ndiyo au hapana (kama kufungua ghala au kutolifungua), inakuonyesha thamani ya kila sharti, yaani nafasi moja zaidi katika ghala fulani ingeokoa kiasi gani. Bosi akiuliza kwa nini tukodi nafasi huku na si kule, namba ipo.

Shida ni kwamba mpango huo umejengwa juu ya wastani, na hesabu ya namna hii hupenda kujaza kila kitu mpaka juu. Iliwahi kunipangia ghala lenye mlango mmoja wa kupakulia lifanye kazi karibu muda wote. Kwa gharama, hakukuwa na mpango nafuu kuliko huo. Nikauingiza kwenye SimPy: lori linafika kwa wakati usiotabirika, linaomba mlango, linapakuliwa, linaondoka. Foleni ikarefuka vibaya.

Nadharia ya foleni inaeleza sababu. Chukua mlango mmoja, malori yanafika bila mpangilio na muda wa kupakua nao unabadilikabadilika. Mlango ukiwa na kazi asilimia 80 ya muda, kwa wastani utakuta malori 4 uwanjani, pamoja na lile linalopakuliwa. Ukifika asilimia 90 yanakuwa 9, na asilimia 95 yanakuwa 19. Nyongeza ya asilimia 5 tu imezidisha msongamano zaidi ya mara mbili! Nikarudi PuLP, nikaweka kikomo cha mlango kuwa na kazi asilimia 85 ya muda, gharama ikapanda kidogo, nikauiga tena mpango mpya na foleni ikatulia. Huku kwenda na kurudi ndiko kulikobadilisha kazi yangu.

Ni vivyo hivyo kwa wasambazaji. Mmoja analeta mzigo siku ya 10 kila mara, mwingine leo siku ya 5, kesho ya 15. Kwenye mpango wa wastani wanalingana kabisa. Uigaji unaonyesha wazi kwamba huyu wa pili anakulazimisha kuweka akiba kubwa zaidi ya tahadhari, na akiba hiyo ni pesa iliyolala.

SimPy haina ramani wala picha zinazotembea. Kila unachotaka kukiona unakiandikia mwenyewe. Usiiendeshe mara moja ukaridhika pia. Irudie mara nyingi, kila mara kwa namba tofauti za bahati nasibu, na utupe matokeo ya mwanzo, maana ghala la kwenye kompyuta huanza tupu. Kinachokula muda hasa ni data: tarehe halisi za kupokea mizigo, si zile zilizoahidiwa kwenye oda.

Kama kwenye timu hakuna anayejua Python, programu ya kulipia itakufaa zaidi. Ila kabla ya kununua, omba uonyeshwe kama inapokea kumbukumbu zako zote za ucheleweshaji au inataka wastani peke yake.