Google Sheets kwenye duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani: nyota nne

Duka letu lipo Ngamiani, Tanga, na hesabu za stoo tulikuwa tunaziandika kwenye daftari la kaunta. Sasa tunatumia Google Sheets, programu ya Google ya kutengeneza majedwali mtandaoni, na naipa nyota nne kati ya tano.

Ni ya bure, inajihifadhi yenyewe, na watu kadhaa mnafungua faili moja kwa pamoja. Nikiwa kaunta naona nondo zinavyopungua stoo. Ila kilichonikosha hasa ni historia ya matoleo, yaani kumbukumbu ya jedwali lilivyokuwa huko nyuma, unayoweza kuirudisha. Mzee wetu wa stoo hakuwa mvivu wa kujifunza, alikuwa anaogopa kuharibu. Nikamketisha kwenye kompyuta, nikamwambia, "Mzee, hebu futa safu nzima ya saruji." Akanitazama kwanza, kisha akafuta. Nikamwonyesha pa kubonyeza, jedwali likarudi kama lilivyokuwa. Hapo ndipo alipoanza kuuliza maswali, na maswali yake yalikuwa mazuri kuliko yangu.

Wenye maduka, nawasihi, msimnyang'anye mtu daftari lake siku ya kwanza. Sisi tuliviendesha vyote viwili sambamba, na vichwa vya safu tukaviandika kwa maneno yake mwenyewe: Imeingia, Imetoka, Deni. Akaanza kujaza bila kuitwa.

Nyota moja nimeizuia kwa sababu ya simu: jedwali pana kwenye kioo kidogo linachosha macho, hasa ya mtu mzima. Punguzeni safu. Na ruhusuni mapema faili litumike bila intaneti, msingoje mpaka mtandao ukatike.